Shahada inayofichwa chini ya godoro

Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa umepekua vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu, na waliotajwa walipoteza kazi. Kwa miezi kadhaa habari ya vyeti feki ilitawala vijiwe vya kahawa.

Watu wale walijipa elimu wasiyokuwa nayo. Lipo kundi jingine linalofanya kinyume chake, na hilo halijaandikiwa orodha yoyote. Ni vijana waliomaliza chuo kikuu, wenye vyeti halali vyenye muhuri na sahihi, ambao wakienda kuomba kazi huvificha.

Kijana hufungua bahasha yake ya kaki na kuchambua. Cheti cha kuzaliwa kinabaki. Cha kidato cha nne kinabaki. Leseni ya udereva, kama ipo, inabaki. Shahada inarudi chini ya godoro. Kisha anakwenda kuomba ukarani wa stoo ya saruji, ulinzi wa usiku kwenye yadi ya malori, au kukaa kwenye kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu. Akiulizwa miaka mitatu baada ya kidato cha sita alikuwa wapi, hujibu kwamba alikuwa akimsaidia mjomba shambani.

Anayefanya hivyo hana wazimu. Amekwishajaribu kusema kweli na ameona matokeo. Mmoja huambiwa elimu yake imezidi, mwingine huambiwa amesoma sana kwa kazi hii, na wengi hawaambiwi lolote. Simu haipigwi tu.

Hofu ya mwenye duka

Wafanyabiashara wa mipakani wako pande zote mbili za jambo hili. Wengi ni wazazi waliouza vitenge, mitumba, vitunguu na ndizi miaka nenda rudi ili mtoto avae joho. Wengine walivaa joho wenyewe, wakasota mtaani, na leo wanavusha bidhaa Namanga, Busia, Mutukula au Sirari. Na hao hao, biashara ikikua hadi kuhitaji msaidizi, ndio wanaokaa upande wa pili wa meza, wanasoma barua ya maombi, wanaona neno "shahada" na kujisemea moyoni: huyu atanikimbia.

Hofu hiyo haifai kubezwa. Katika biashara ya kuvuka mpaka, mali ya kwanza haiko stoo. Iko kwenye simu. Ni namba ya muuzaji wa Kariakoo anayekubali kutuma mzigo kabla ya kulipwa wote, mama wa Gikomba anayefungua marobota mazuri kwa wateja wake wa zamani, dalali wa Kikuubo anayejua bei itashuka lini, dereva asiyechanganya mizigo ya watu. Majina hayo hayanunuliwi. Hujengwa kwa miaka, kwa kulipa madeni kwa wakati na kupoteza fedha mara mbili tatu.

Msaidizi akikaa dukani miezi sita, anayajua yote. Anajua nani anadaiwa, nani analipa polepole, bidhaa gani inatoka wiki ya mshahara. Akiondoka kwa sababu ameitwa kwenye ajira ya serikali, hasara ni kuanza upya kumfundisha mwingine. Akiondoka kwenda kufungua duka lake mtaa wa pili, hasara ni wateja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mfanyabiashara aliyewahi kuachwa hivyo huona kila shahada kama mguu mmoja uliokwisha kuvuka mlango.

Zipo hofu nyingine mbili, ndogo kidogo. Ya kwanza ni ya mshahara: mwenye duka hudhani msomi atadai zaidi, au atakubali kidogo leo na kununa kesho. Ya pili haisemwi kwa sauti. Mwenye duka aliyeishia darasa la saba, aliyejenga biashara yake kwa jasho, hapendi kijana wa kumsahihisha hesabu mbele ya wateja.

Ukizitazama hofu hizi tatu, hakuna hata moja inayohusu uwezo wa kazi. Hakuna mwajiri anayeamini kwamba mwenye shahada hawezi kuhesabu mifuko ya saruji. Neno "kuzidi" linapotosha kwa sababu linasikika kama kipimo cha elimu, ilhali kinachopimwa ni subira. Mwenye duka anasoma cheti kama ahadi ya kuondoka.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu, maana kuondoka hakuhitaji shahada. Kijana wa darasa la saba naye huaga siku anapopata bodaboda ya mkataba. Wa kidato cha nne huondoka akipata shemeji mwenye nafasi Mombasa. Mishahara ya madukani ni midogo kiasi kwamba karibu kila mtu anayefanya kazi hizo yuko njiani kwenda kwingine. Tofauti ni kwamba msomi ameandika njia yake kwenye karatasi, na mwenzake hakuandika.

Foleni ndiyo iliyopandisha bei

Ilikuwapo zamani ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuficha shahada. Kati ya 1963 na 1970 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vyake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Wahitimu walikuwa wachache, na serikali changa zilikuwa na viti vingi vilivyoachwa na wakoloni. Wazazi wa wakati huo walijifunza somo moja: soma, utapata kazi. Somo hilo lilikuwa kweli kabisa, na ndiyo sababu limekuwa gumu kulisahau.

Dalili za kuchoka kwake zilionekana mapema. Mwalimu Julius Nyerere aliandika mwaka 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule za msingi zilikuwa zikiwaandaa watoto kwa sekondari ambayo wengi wao wasingeifikia. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Pamoja na mengine, ilionyesha kwamba waliokosa kazi walikuwa sehemu tu ya tatizo. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya watu wanaofanya kazi kutwa kwa kipato kisichotosha, huku shule zikizalisha matarajio ambayo ajira za mshahara hazikuweza kuyabeba.

Mwaka 1976 mwanazuoni wa Uingereza, Ronald Dore, alichapisha kitabu alichokipa jina lenye maana ya "ugonjwa wa vyeti", na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi alizozichambua. Hoja yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanga foleni. Mwajiri mwenye nafasi moja na waombaji mia hawezi kuwasikiliza wote, kwa hiyo anaweka sharti la cheti cha juu zaidi ili kupunguza mstari. Kazi haijabadilika hata kidogo, ila sharti limepanda. Wanafunzi wakiona hivyo wanasoma zaidi, foleni inajaa tena, na sharti linapanda tena. Kazi ya karani iliyomtosha mtu wa darasa la nane inataka kidato cha nne, kisha diploma, kisha shahada.

Foleni yenyewe imekuwa ikionekana kwa macho. Juni 2014 zaidi ya vijana 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilikuwa na nafasi 1,596 na ikapata waombaji zaidi ya 135,000. Ni karibu watu 85 kwa kila kiti. Mfanyabiashara anayemwona ofisa wa forodha akigonga muhuri mpakani anamwona mmoja. Wale 84 wengine wako mtaani, na baadhi yao ndio wanaoomba kazi dukani kwake.

Kijana amenaswa katikati ya milango miwili. Mwajiri mkubwa anapandisha sharti, anataka shahada, tena yenye ufaulu mzuri na uzoefu wa miaka mitatu. Mwajiri mdogo anashusha sharti na kuogopa shahada hiyo hiyo. Cheti kinachohitajika ili kuingia kwenye foleni ya mlango mmoja ndicho kinachomfungia mlango mwingine.

Mahindi ya Machi 2021

Mwenye ghala la nafaka atasema hayo yote ni ya wasomi, yeye anatafuta karani wa kuhesabu magunia tu. Mwaka 2021 ulionyesha ukarani wa magunia unavyoweza kubadilika ndani ya wiki moja.

Machi 5 mwaka huo Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalipanga mstari Namanga, mahindi yakiwa ndani na wenyewe wakihesabu siku. Siku chache baadaye katazo lililegezwa kwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka, na uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja, yaani maikrogramu 10 kwa kilo.

Ghafla swali la ghalani halikuwa magunia mangapi. Lilikuwa haya mahindi yalianikwa wapi, juu ya turubai au juu ya udongo? Yana unyevu kiasi gani? Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi makavu ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hakuna kucha wala jino linaloweza kutofautisha asilimia 13 na asilimia 15. Kinahitajika kipima unyevu na mtu anayejua kukisoma, anayejua kuchota sampuli kutoka juu, katikati na chini ya shehena badala ya kufungua gunia moja la mlangoni, na anayejua kwamba kuvu lisiloonekana kwa macho linaweza kuwa limekwisha kuacha sumu.

Hayo hufundishwa. Mwenye shahada ya kilimo au ya sayansi ya chakula anayajua tangu mwaka wa pili wa chuo. Kijana huyo, ambaye Februari alikuwa amesoma mno kwa ghala, Machi angeweza kuokoa lori zima. Elimu yake haikuwa imepungua. Kazi ndiyo iliyokua, na mwenye ghala hakupata barua ya kumjulisha kwamba imekua.

Wala sumukuvu si jambo la makaratasi ya mpakani. Mwaka 2004 mlipuko wa sumu hiyo mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, uliua watu 125. Walikula mahindi ya nyumbani kwao. Kwa hiyo karani wa magunia anayejua anachokitazama si mapambo ya ofisi.

Hadithi ya hesabu nayo inafanana na hiyo. Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za kielektroniki, EFD, mwaka 2010. Uganda ikaja na mfumo wake wa EFRIS Januari 2021. Kenya ina eTIMS, na kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo huo kwa kawaida haikubaliki wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Mfanyabiashara anayenunua Kampala, anayepitisha Busia na kuuza Nakuru hana tena daftari moja la jalada gumu. Ana mifumo miwili isiyozungumza, na kila mmoja una tarehe zake. Biashara yake ni ndogo mno kumwajiri mhasibu kwa mwezi mzima, lakini ni kubwa mno kuendelea bila mhasibu. Hapo ndipo penye kazi ambayo haijapewa jina: mhasibu mmoja anayegawanywa na maduka manne au matano ya mtaa mmoja, kila duka siku yake.

Kuna pia mahali ambapo shahada inazidi na kupungukiwa kwa wakati mmoja, napo ni uwakala wa forodha. Vijana wengi wa uchumi, biashara na ugavi hukimbilia huko wakidhani shahada itawafungulia. Wanakuta kwamba kazi hiyo ina cheti chake cha Afrika Mashariki, kinachofundishwa kwa ushirikiano wa mamlaka za mapato na vyama vya mawakala, na kwamba anayejua kupanga bidhaa kwenye namba yake sahihi ya ushuru anathaminiwa kuliko aliyeandika tasnifu kuhusu Himaya ya Forodha. Aliyekubali kukaa tena darasani kwa ajili ya cheti kidogo kuliko kile alichonacho hupata njia. Aliyeona ni kujishusha hubaki langoni akijaza fomu za watu kwa bakshishi.

Hata fomu hizo zina thamani yake. Bado wapo wachuuzi wanaolipa wapita njia wa pembeni kwa sababu hawajui kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachogongwa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Kijana mmoja anayejua kuisoma orodha hiyo, akiajiriwa na kikundi cha akina mama wa soko moja, hulipa mshahara wake kwa fedha ambazo zingeenda kwa vishoka.

Upande wa pili wa mto

Wengi husema: kama nyumbani elimu imezidi, vuka. Jumuiya si ipo? Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka na nchi kutambua vyeti vya jirani. Mei 2017 wakuu wa nchi waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Yote hayo ni kweli, na mwenye kuyategemea bila kusoma maandishi madogo atakwama. Kila nchi iliandika jedwali la kazi ilizokubali kuzifungua kwa jirani, na majedwali hayayafanani. Kwa kiasi kikubwa yameegemea wataalamu. Makubaliano ya kutambuana yaliyotiwa saini yanahusu taaluma zenye bodi: wahasibu na wasanifu majengo mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, madaktari wa mifugo mwaka 2016. Mwenye shahada ya sosholojia, ualimu au utawala hana bodi ya kumsemea mpakani.

Hapa mambo yanapinduka. Nyumbani msomi anakataliwa kazi ndogo kwa sababu ya elimu kubwa. Upande wa pili anaweza kukubaliwa kwa ajili ya elimu hiyo kubwa, mradi aombe kazi kubwa inayolingana nayo. Akitaka kwenda kuwa karani wa stoo, kibali cha kazi kinakuwa kigumu, kwa kuwa karani wa stoo anapatikana huko huko. Itifaki inamtaka mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali. Kenya, Rwanda na Uganda ziliondoleana ada ya vibali hivyo kwa raia wao, hatua kubwa kwa mfuko wa kijana, lakini kutolipia kibali si sawa na kutokihitaji.

Kabla ya hapo kuna uhakiki wa vyeti. Aliyesoma Kampala na kurudi kuomba kazi ya umma Tanzania hutakiwa kupeleka shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe. Kenya, Uganda na Rwanda nazo zina vyombo vyao vya kazi hiyo. Ni vizuri kuanza mapema, wala si wiki ya mwisho ya tangazo.

Na kama mpango ni kuachana na kuajiriwa na kufungua biashara ndogo upande wa pili, Tanzania ilitoa amri Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo biashara ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa, kutuma na kupokea fedha kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, udalali, uwakala wa forodha na kununua mazao shambani. Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona ndiyo ile ile ambayo mhitimu asiye na ajira huanza nayo. Malalamiko yalisikika upande wa Kenya, na mjadala wa jinsi amri hiyo inavyopatana na Itifaki haukuwa mdogo. Kwa mfanyabiashara wa kawaida, la kushika ni kwamba kuvusha mzigo na kuuuza kwa mwenye duka ni jambo moja, na kukodi fremu upande wa pili ni jambo jingine kabisa.

Deni linalofuata jina

Liko jambo ambalo waajiri wadogo wengi hawalijui, na linaeleza kwa nini wengine huficha shahada hata pale mwajiri asipoiogopa. Shahada nyingi zimekuja na mkopo. Tanzania, tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kutoka asilimia 8 ya awali, na mwajiri ana wajibu wa kuitaarifu Bodi ya Mikopo kwamba amemwajiri mhitimu.

Kwa anayelipwa shilingi milioni moja na nusu, makato hayo yanauma lakini anaishi. Kwa karani wa stoo anayelipwa, tuseme, shilingi 300,000, ni shilingi 45,000 zinazoondoka kabla ya pango, nauli na kumtumia mama. Kwa hiyo kijana hufanya hesabu zake: nikijitaja kuwa msomi nikakosa kazi, nimepoteza, nikijitaja nikaipata, nimepoteza asilimia 15. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu deni halifi kwa kufichwa na litamsubiri siku atakapopata kazi nzuri, lakini ni rahisi kuona inatoka wapi.

Kuhusu kuficha kwenyewe, kuna mpaka wa kuangaliwa. Kutoweka shahada kwenye barua ya maombi ya kazi isiyoihitaji ni uchaguzi wa mwombaji. Kuandika "kidato cha nne" mahali fomu inapouliza kiwango cha juu cha elimu, kisha kutia saini kwamba yote ni kweli, ni uongo wenye sahihi, na mwajiri akiugundua ana sababu ya kumwachisha kazi. Tena mipakani siri hazikai. Mteja mmoja aliyesoma naye chuo akipita dukani na kumwita kwa jina la utani la bwenini, mchezo umekwisha.

Mazungumzo kabla ya funguo

Wako wafanyabiashara ambao wamelimaliza jambo hili kwa namna ya kawaida tu: kwa kuuliza kile wanachokiogopa. Badala ya kusoma cheti na kukisia, humwuliza mwombaji waziwazi atakaa hadi lini, na kazi ya serikali ikitokea atafanya nini. Mwombaji mwenye akili hadanganyi kwamba atakaa milele. Anasema: nitakaa msimu huu wa mahindi, tangu mavuno hadi ghala liishe, na nikiitwa kwingine nitatoa taarifa ya mwezi na nitamfundisha atakayekuja. Ahadi ya namna hiyo inaaminika kuliko kiapo.

Barua ya maombi nayo hubadilika. Mwenye ghala haimsaidii kusoma kwamba mwombaji ana shahada ya sayansi ya chakula, daraja la pili la juu. Inamsaidia kusoma kwamba mwombaji anaweza kupima unyevu wa shehena kwa nusu saa, kutenga magunia yenye mashaka kabla ya lori kupakiwa, na kuandaa karatasi zinazotakiwa upande wa pili. Shahada itatajwa chini, mstari mmoja, kueleza alijifunzia wapi.

Upande wa mwajiri, linalofaa kuwekwa wazi ni malipo yanayopanda na kazi. Mshahara wa karani kwa kazi ya karani, na juu yake kiasi kilichokubaliwa kwa kila shehena iliyopita bila kurudishwa. Hapo mwenye elimu ana sababu ya kuitumia badala ya kuikalia. Namba za wauzaji na wateja ziandikwe kwenye makubaliano kuwa ni mali ya duka. Karatasi moja yenye sahihi mbili na shahidi haitamzuia mwenye nia mbaya, lakini inampa kila mmoja kitu cha kunyooshea kidole siku ya ugomvi.

Linalofaa kukataliwa ni ule mtindo wa "kujitolea". Kijana huambiwa elimu yake ni kubwa na mshahara wa kumfaa haupo, basi aje tu apate uzoefu, nauli atapewa. Mwaka unapita, uzoefu umejaa, nauli bado ni ile ile. Mwajiri wa namna hiyo hakuona elimu imezidi hata siku moja. Aliona imepatikana bure. Wasichana huumia zaidi katika mpango huu, kwa kuwa nyumbani huhesabiwa kwamba hawajapata kazi, na wakirudi jioni wanapangiwa kazi nyingine zote.

Makubaliano ya msimu yana faida moja ambayo pande zote huigundua baadaye. Ghala linapoisha, wawili hao wanakaa na daftari. Shehena ngapi zilipita, ngapi zilirudishwa, kilo ngapi zilitengwa na kuuzwa kwa bei ya chini kabla hazijaharibu zilizobaki. Mwenye ghala anajua kwa shilingi kamili msomi yule alimletea nini, na msomi anajua aombe kiasi gani. Wakati mwingine kijana ameshaitwa kwenye usaili Dodoma au Nairobi na mkataba unaishia hapo. Wakati mwingine hakuitwa, mavuno mapya yanakaribia, na wanaanza kupatana bei upya.